SUV za umeme na za mbio: maswali ninayoulizwa Tanga kuhusu umbo, upepo na vifaa

Mimi ni fundi wa bodi, Ngamiani. Marehemu baba alikuwa fundi wa ngalawa kule Sahare, na mengi ninayoyajua kuhusu umbo niliyaona kwake kabla sijashika nyundo ya bati. Miaka hii ya karibuni wateja wananitumia picha za SUV, yaani yale magari mapana yaliyoinuka juu, za umeme na zile za mbio, kabla hawajaagiza, kila mtu na swali lake, na maswali mengi yanafanana. Nimeyakusanya hapa. Utaona mapema kwamba nina upande: naangalia umbo na uvungu wa gari kabla ya skrini. Programu mpya unaweza kuipata kesho kwa intaneti, ila bodi uliyonunua utakaa nayo hivyo hivyo.

Fundi, gari la umeme halina injini wala moshi. Umbo linawahangaisha nini wabunifu wake?

Linawahangaisha kuliko linavyowahangaisha wa petroli. Injini ya petroli inageuza takriban theluthi tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, iliyobaki inatoka kama joto kwenye rejeta na ekzosi. Penye hasara kubwa hivyo, anachoiba upepo hakionekani. Mota ya umeme inageuza kama asilimia 90, kwa hiyo wezi waliobaki wanaonekana waziwazi. Ukiwa barabara kuu ni wawili: tairi kusuguana na lami, na bodi kusukuma hewa. Ukikaribia kilomita 90 kwa saa, hewa inaanza kuwa mwizi mkubwa zaidi.

Uzito angalau unarudisha sehemu ya ulicholipa. Umepanda mlima, umetumia umeme. Ukishuka, mota inageuka jenereta na kuurudisha kwenye betri. Hewa hairudishi chochote.

Sasa hesabu. Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo betri ya kilowati-saa 100 ni uniti 100, na nitatumia neno uniti maana kila nyumba Tanga inalijua. Nguvu ya hewa inakua kwa mraba wa kasi: ukienda mara mbili, inakuzuia mara nne. Nilipiga hesabu ya SUV yenye bodi laini ya leo. Kwa kila kilomita 100, upepo peke yake unachukua uniti 5 hivi ukienda 80, uniti 8 ukienda 100, na karibu 12 ukienda 120. Gari lilelile, njia ileile, mguu tu ndio tofauti.

Kwenye matangazo wanaandika Cd 0.25, Cd 0.28. Ndiyo nini?

Ni kipimo cha jinsi umbo linavyozuiwa na hewa. Namba ikiwa ndogo, gari linapita kwa urahisi. Tesla Model Y iliyotoka 2020 ilitangazwa na 0.23. Porsche Macan ya umeme na BMW iX zina 0.25, Lotus Eletre 0.26, Kia EV9 0.28, Jaguar I-Pace ya 2018 ina 0.29. Mercedes G-Class ya umeme, lile sanduku ambalo kila tajiri analitamani, ina 0.44, na hapo wahandisi walikwisha kulisugua hapa na pale, maana ndugu yake wa zamani ni mbaya zaidi.

Lakini msinunue kwa namba hiyo peke yake. Lazima uizidishe na ukubwa wa uso wa gari ukilitazama kwa mbele. SUV ni pana na ndefu kwenda juu, kwa hiyo hata ikiwa na 0.25, inasukuma hewa nyingi kuliko gari dogo la chini lenye 0.25 hiyo hiyo.

Gari linalopasua upepo si linatakiwa liwe limechongoka mbele?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi nilikosea vilevile nilipokuwa mtoto. Nilidhani baba akichonga ngalawa kazi iko kwenye omo, yaani mbele. Nikawa namwona siku nzima yuko tezini, kule nyuma, anapapasa ubao kwa kiganja, anaondoa kidogo, anarudi nyuma kutazama. Akaniambia maji ya mbele yatapisha tu, ila ya nyuma ukiyaachanisha ghafla yatakuvuta shati.

Hewa ni vivyo hivyo. Mbele ya gari inatosha iwe na kona za mviringo ili hewa isichanike. Shida iko nyuma, pale hewa ya juu, ya pembeni na ya uvunguni inapotakiwa kukutana tena. Ikishindwa kukutana inazunguka ovyo, panakuwa na shinikizo dogo, na shinikizo hilo ndilo linalolivuta gari kurudi nyuma. Umbo bora kabisa ni la tone: nono mbele, mkia mrefu unaosinyaa taratibu. Lakini nani ataegesha mkia wa mita tatu pale sokoni? Miaka ya 1930 mhandisi wa Kijerumani, Wunibald Kamm, alionyesha kwamba mkia unaweza kuanza kusinyaa kisha ukakatwa wima, na hewa ikaendelea karibu kama vile mkia upo. Ukitazama SUV za umeme za leo utaiona kazi hiyo: paa linashuka kidogo, mbavu zinaingia ndani kuelekea taa za nyuma, halafu ghafla, mkato. Ile ncha kali kwenye pembe ya taa haijawekwa kwa urembo. Inaiambia hewa iachie hapa.

Kwa hiyo ukinitumia picha, nitumie ya nyuma kwanza.

Yale yenye mgongo ulioinama yana faida ya kweli au ni mtindo tu?

Vyote viwili. BMW X6 ya 2008 ndiyo iliyoeneza mtindo huu, na wengi waliucheka. Kwenye umeme umeleta faida inayopimika: Audi Q8 e-tron ya kawaida ina 0.27, ndugu yake mwenye mgongo ulioinama, Sportback, ana 0.24. Unachotoa ni nafasi ya vichwa vya abiria wa nyuma na urefu wa mzigo kwenye buti. Mwenye familia ya watu sita na magunia ya machungwa ya Muheza achukue la mgongo ulionyooka.

Mbona mengine hayana shoo, ule wavu wa mbele wa kupitishia hewa? Uso umeziba kama ndoo.

Kwa sababu hakuna injini inayochemka pale nyuma yake. Betri, mota na breki zinahitaji kupozwa, ila si muda wote, kwa hiyo mengi yana vibao vidogo vinavyofunguka joto likipanda na kujifunga likishuka. Vikifungwa, hewa inapita juu badala ya kuingia na kuzurura ndani ya boneti. Jaguar walifanya kitu kizuri kwenye I-Pace: hewa inaingia kwenye shoo, inatokea kwenye tundu la boneti, inateleza juu ya kioo na paa. BMW iX yenyewe imebakiza shoo kubwa, lakini imezibwa, ndani yake kuna kamera na rada, na uso wake una rangi inayojifuta michubuko midogo ikipata joto.

Kwa hapa kwetu, vibao vile vioshwe. Vumbi na chumvi vikiganda, kile kimota kidogo kinachovisukuma kinashindwa.

Uvungu una nini cha maana? Nani anauona?

Swali hili ndilo ninalolipenda. Lala chini ya gari la kawaida la petroli utazame: ekzosi, sampu, shafti, mabomba, vyuma vilivyotokeza kila upande. Hewa inayopita hapo inapigwa kama mtu anayepita kichochoro chenye vigingi. Gari la umeme limezaliwa na sahani moja bapa, yaani betri yenyewe, kutoka tairi za mbele hadi za nyuma. Wabunifu wakizifunika na sehemu zilizobaki, wamepata faida kubwa ambayo hakuna mpita njia atakayeiona. Audi kwenye e-tron ya kwanza walifika mbali zaidi. Pale bolti zinapofunga bamba la chini waliweka vibonyeo kama vya mpira wa gofu ili hewa ipite vizuri.

Sasa tazama barabara zetu. Matuta ya mtaani, changarawe za njia za mashambani, mawe ya korongo la mvua. Bamba la chini linakwaruzwa, klipu za plastiki zinakatika, fundi anayebadilisha kitu anayatoa yale mafuniko na kuyaacha kwenye kona ya gereji kwa sababu yanamchelewesha. Mteja wangu mmoja alikuja akilalamika gari linavuma na chaji inaisha mapema kuliko zamani. Nililinyanyua, nikakuta mafuniko mawili hayapo kabisa na la tatu linaning'inia. Gereji aliyotoka haikumwambia. Tuliyarudisha, mvumo ukaisha siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukinunua lililotumika, usiridhike na rangi inayong'aa. Linyanyuliwe. Hesabu mafuniko, angalia bamba la betri kama lina bonde au mkwaruzo mrefu, na uangalie kutu kwenye bolti. Sisi tunakaa na bahari. Chumvi inafika hadi mitaa ambayo huoni maji. Oshea uvungu maji yasiyo na chumvi, pampu ya nguvu usiielekeze kwenye soketi wala nyaya za rangi ya chungwa, zile za volti kubwa.

Rimu za inchi 22 au 19?

19. Au 20 kama moyo unauma.

Tairi na matao yake yanachangia karibu robo ya ukinzani wote wa hewa, ndiyo maana rimu za umeme nyingi ni bapa na zimezibwa kama sahani. Rimu kubwa huja na tairi pana na shavu jembamba. Shavu jembamba likiingia shimo, rimu ndiyo inayopokea.

Spoila, vile vibawa vya nyuma vya SUV za mbio, zinafanya kazi gani hasa?

Bodi ya gari kwa pembeni inafanana na bawa la ndege: chini bapa, juu imevimba. Kwa kasi kubwa hewa inataka kulinyanyua, hasa nyuma. Kwenye SUV iliyo juu na nzito hilo si jambo la mchezo ukiwa kwenye kona. Spoila inavunja ule mnyanyuko, na wakati mwingine inakandamiza gari chini. Malipo yake ni ukinzani zaidi. Mtengenezaji wa gari la mbio anakubali kulipa, wa gari la umeme anasitasita, na ndipo ikazaliwa spoila inayojisogeza. Kwenye Macan ya umeme inakaa chini, inapanda kasi ikiongezeka au dereva akichagua mwendo wa mbio.

Hizi SUV za mbio si za jana. Lamborghini waliuza LM002 tangu 1986, Porsche Cayenne ilikuja 2002, Lamborghini Urus yenye nguvu farasi 650 ikaanza kuuzwa 2018, na Ferrari Purosangue ya 2022 ina silinda 12. Mwaka 2021 Cayenne Turbo GT iliuzunguka mzunguko mrefu wa Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 38.9. Nayaheshimu sana kwa kazi ya mikono iliyomo. Ila mwendo ambao spoila hizo zimetengenezewa, huwezi kuufikia kati ya Pongwe na Muheza bila kuhatarisha watoto wa watu.

Gari la juu, zito hivyo. Halipinduki?

Linatulia kuliko unavyodhani. Jahazi likienda tupu huwekewa farumi, yaani uzito, chini ili lisiyumbe, na betri ndiyo farumi ya gari hili: mamia ya kilo yamelala chini kabisa, kati ya tairi. Kwenye kona SUV ya umeme inakaa wima kuliko ya petroli ya urefu huo huo. Lakini tani mbili na nusu ni tani mbili na nusu, na ukichelewa kukanyaga breki, farumi haikusaidii.

Naweza kutoka Tanga hadi Dar bila kuchaji njiani?

Ukichagua vizuri, ndiyo. Kwa Segera na Chalinze ni kama kilomita 350. Macan 4 ina betri ambayo uniti 95 zinatumika, na kipimo cha Ulaya kinaipa hadi kilomita 613. Kipimo hicho kina mwendo mwingi wa polepole, usikitegemee kwa barabara kuu. Ukienda 100 na kiyoyozi kimewashwa, weka uniti 20 hadi 22 kwa kilomita 100. Hiyo ni uniti 70 na kitu hadi Dar, umebakiwa na akiba ya foleni. Sanduku lenye Cd 0.35 na uso mkubwa kidogo litakula uniti 14 zaidi kwa safari hiyo hiyo, kwa sababu ya upepo tu. Na ukifunga kreti juu ya paa, kazi yote ya wahandisi umeitupa. Mzigo uingie ndani.

Na Lushoto?

Raha tupu, ila kuna siri moja. Kutoka Mombo unapanda kama mita 1,000. SUV ya tani 2.4 inatumia zaidi ya uniti 6 kwa kupanda peke yake, mbali na tairi na upepo. Ukishuka unaweza kurudishiwa zaidi ya nusu. Sasa usilale Lushoto ukachaji hadi 100 kisha ukaanza kushuka asubuhi: betri iliyojaa haina pa kupokea, mota inakataa kuzuia, na kona zote zile utazishuka kwa breki za kawaida. Chaji hadi 80, mlima utakuongezea.

Nitachaji vipi nyumbani?

Soketi ya kawaida ya pini tatu itakupa kilowati 2 na kidogo. Betri ya uniti 95 itachukua saa 40 hivi. Kifaa cha ukutani cha ampea 32 kwa laini moja kinatoa kilowati 7.4, na hapo saa 13 zinatosha. Mwite fundi umeme mwenye leseni aangalie waya, sakiti breka na athi kabla ya yote. Nyumba nyingi za zamani za Tanga athi yake ni jina tu. Napenda pia kuwakumbusha watu kwamba mkoa wetu wenyewe una mitambo ya maji ya Hale na Pangani, kwa hiyo sehemu ya umeme tunaotumia inatoka kwenye mto tunaoujua.

Jambo la kuuliza kabla hujalipa: soketi ya gari ni ya aina gani? Magari ya Ulaya na Uingereza yana CCS2, ya soko la ndani la China yana GB/T, mengi ya Japani yana CHAdeMO. Haziingiliani. Muuzaji akikwambia "zote sawa", mwombe picha ya soketi.

Masika maji yanajaa barabarani. Nitapigwa shoti?

Hapana, betri imezibwa na mfumo hujikata ukihisi hitilafu. Hata hivyo kila gari lina kikomo chake: I-Pace ilitangazwa kwa maji ya sentimita 50, G-Class ya umeme kwa 85. Maji ya bahari ni kisa kingine. Msiteremshe gari ufukweni kupiga picha maji yakiwa yamekupwa. Chumvi ikipenya kwenye soketi na nyaya, madhara yake utayaona baada ya miezi, na bima wataanza kukuuliza maswali.

Baiskeli zetu zitayasikia magari haya?

Nashukuru aliyeuliza hili, ni mama mmoja ambaye mwanawe anaendesha baiskeli kwenda shule. Mji wetu ni wa baiskeli, na mwendesha baiskeli hutegemea sikio. Ulaya imelazimisha magari mapya ya umeme yatoe sauti hadi kilomita 20 kwa saa, kwa aina mpya tangu 2019 na kwa yote mapya tangu 2021. Ukiagiza la zamani kuliko hapo, uliza kama kifaa hicho kipo. Na kisizimwe.

Vifaa gani vina maana, vipi ni vya kuonyeshea watu?

Shokapu za hewa zina maana: barabara kuu gari linashuka ili upepo upite vizuri, njia mbaya linapanda. Vioo vya tabaka mbili vina maana pia, kwa sababu injini ikinyamaza ndipo unausikia upepo kwenye saiti mira. Gari linaloweza kutoa umeme, kama EV9, litaendesha friji na feni usiku umeme ukikatika, na hilo Tanga ya Februari si anasa. Paa la kioo kizima ni zuri jioni. Saa saba mchana wa Januari utatafuta pazia.

Vitasa vya mlango vinavyojificha vinaondoa ukinzani kidogo sana. Vikigoma kwa chumvi, utaomba upate kitasa cha Land Cruiser kuukuu. Ukilipokea gari, kabla ya kitu chochote tafuta mlango unafunguliwaje kwa mkono kama umeme wa betri ndogo ya volti 12 umekwisha, na uwafundishe watoto wote.

Ushuru wake ukoje?

Hubadilika na bajeti ya kila Juni. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao, anza hapo, kisha mpe wakala wako mwaka, modeli na namba ya chesisi akupe hesabu kwa maandishi.

Wewe fundi unaweza kulitengeneza likigongwa?

Bodi, ndiyo, na nyingi ni alumini, kwa hiyo zana zake nazitenga na za chuma, vinginevyo alumini inaliwa na kutu ya chuma. Nyaya za chungwa sizigusi mpaka mtu aliyesomea volti kubwa azime mfumo. Jeki naiweka pale tu penye alama. Ukiweka katikati unatoboa betri. Na nikimaliza kunyoosha ubavu wa nyuma, sipimi kwa macho peke yake. Napapasa kwa kiganja kutoka mlangoni hadi kwenye ile ncha ya taa, taratibu, nikitafuta pale hewa itakapokwama.